Terminali za zamani kwenye mtandao: kutafuta tatizo kuanzia kwenye kidole hadi kwenye mashine

Wadau, mwongozo huu ni wa yule ambaye ameshaweka SIMH (programu ya kuigiza kompyuta za zamani) kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, akawasha PDP-11 au VAX (mashine za zamani za kampuni ya DEC) yake ya kuigiza, akaona prompti akafurahi, halafu kesho yake anaingia kutokea kompyuta nyingine kupitia mtandao mambo yanaharibika: herufi zinatoka mbilimbili, Enta moja inahesabika mbili, bakspesi inaua programu, skrini inaganda katikati ya sentensi. Mimi nimepita humo kote, kwa emyuleta na kwa VT220 ya kweli (terminali ya DEC, yaani skrini na kibodi tu) niliyoiokoa kwenye stoo ya ofisi moja iliyokuwa inafungwa, na wikendi nyingi ziliniishia hapo kwa sababu nilikuwa nabadilisha setingi tatu kwa mpigo halafu sijui ipi iliyosaidia na ipi iliyoharibu zaidi.

Kilichokuja kunifungua macho ni kwamba hizi terminali zilizaliwa kwa waya mmoja tu. DEC walitoa VT100 mwaka 1978 na VT220 mwaka 1983, na mpango ulikuwa waya unatoka nyuma ya terminali unaingia kwenye mashine, basi. Sisi leo tumejaza katikati adapta ya USB, Pi, ruta, telneti (njia ya kale ya kuingia kwenye mashine kupitia mtandao), dirisha la PuTTY (programu ya kuigiza terminali kwenye laptopu), na kila mmoja hapo anaigusa herufi inayopita mkononi mwake, mwingine anaiongezea kitu, mwingine anaipunguza, mwingine anaijibu mwenyewe bila kuipeleka mbele. Kwa hiyo tatizo lolote likitokea mimi naanza na swali moja: hii herufi imepita kwa nani, na aliyeiharibu ni nani?

Kwanza chora njia

Chukua karatasi kweli, chora. Kwangu njia iko hivi: kidole, kibodi ya VT220, waya wa siriali, adapta ya USB, Pi ya kwanza, programu ya telneti, mtandao wa nyumbani, Pi ya pili yenye SIMH, kadi ya DZ11 ya kuigiza (ile ya kupokea laini za terminali), draiva ya tty (inayosimamia terminali) ndani ya mfumo wa zamani, halafu ndio programu yenyewe. Vituo kumi na kitu kwa herufi moja. Wewe unayetumia PuTTY kwenye laptopu una vituo vichache zaidi, hongera, ruka hadi sehemu ya mtandao.

Upande wa SIMH mimi hufungua laini hivi:

set dz lines=8
attach dz 2324

Hapo yeyote atakayegonga poti 2324 anapewa laini moja ya DZ11, na atapokelewa na ujumbe unaosema ameunganishwa na kifaa cha DZ cha simuleta, laini namba fulani. Ukiuona ujumbe huo jua mtandao umemaliza kazi yake, lawama zote zinazobaki ziko juu yake au chini yake.

Waya, kwa wenye terminali ya kweli

Usiguse programu yoyote kabla hujajua waya ni mzima. Jaribio langu ni la kale na halijawahi kuniangusha: chomoa kebo upande wa mbali, ile ncha iliyo wazi unganisha pini 2 na pini 3 kwa klipu ya karatasi iliyonyooshwa, rudi kwenye terminali uandike. Herufi ikitokea kwenye skrini maana yake imetoka kwenye terminali, imefika mwisho wa kebo, imegeuka imerudi. Toa klipu uandike tena, safari hii isitokee kitu. Ikiendelea kutokea hata bila klipu basi terminali yako inajijibu yenyewe, ingia Set-Up (menyu ya setingi) kwa kitufe cha F3, nenda Comm (ukurasa wa mawasiliano), weka No Local Echo.

Jaribio likipita lakini ukichomeka kwenye Pi kimya, mara nyingi ni kwamba terminali na adapta zote mbili zinatuma kwenye waya uleule na kusikiliza kwenye waya uleule. Unahitaji kebo iliyopishanishwa, pini ya kutuma ya huku iende kwenye ya kupokea ya kule, na kinyume chake. Kwa anayeunga mwenyewe, plagi kubwa ya pini 25 ya VT220 inatuma kwa 2, inapokea kwa 3, na ardhi ni 7; ile ndogo ya pini 9 ya adapta inatuma kwa 3, inapokea kwa 2, na ardhi ni 5, kwa hiyo hapo 2 inaenda 2, 3 inaenda 3, na 7 inaenda 5. Waya tatu zinatosha kabisa, ilimradi kwenye Comm umechagua Data Leads Only.

Sasa uchafu kwenye skrini, hapa tulia kidogo kwa sababu uchafu wenyewe unakuambia kosa liko wapi. Kama kila kitu ni takataka, hakuna hata neno moja la kusomeka, hiyo ni spidi, upande mmoja 9600 mwingine 19200. Lakini kama karibu nusu ya herufi ziko sawa na nusu nyingine zimegeuka alama za ajabu, hiyo ni pariti, ile biti ya ziada ya kukagua makosa. Angalia mwenyewe: upande mmoja unatuma biti 7 na pariti shufwa, mwingine unasoma biti 8 bila pariti. Herufi A ni 41 kwa heksa, ina biti mbili zilizowaka, tayari ni shufwa, inapita safi. Herufi C ni 43, biti tatu zimewaka, pariti inaongeza ya nne huko juu kabisa na inafika kama C3, yaani Ã. Kwa hiyo A unaiona, C huioni. Nilipoelewa hilo niliacha kabisa kubahatisha, nikiona nusu kwa nusu mkono unaenda moja kwa moja kwenye pariti.

Upande wa Pi:

stty -F /dev/ttyUSB0 9600 cs8 -parenb -cstopb ixon

na upande wa VT220 weka 9600, 8 Bits No Parity, 1 Stop Bit. Halafu chagua Save kabla hujatoka! Usipoisave, umeme ukikatika unarudi mwanzo, na kwa umeme wetu huu sina haja ya kueleza zaidi.

Mtandao

Hapa ni fupi. Ping ifanye kazi, halafu poti ijibu, kwa nc, programu inayofungua poti moja kwa moja bila telneti:

nc -v 192.168.1.20 2324

Ikikataliwa, SIMH haijafungua poti au umekosea namba. Ikikaa kimya muda mrefu, kuna fayawoli. Ikiunganisha na ukaona herufi kama ÿû na ÿý usishtuke wala usikimbilie kubadilisha spidi, huo ni mdundo wa telneti wenyewe: baiti 255 inayofungua kila amri ya telneti inaonekana kama ÿ, 251 ya kusema "nitafanya" inaonekana kama û, na 253 ya kusema "fanya wewe" inaonekana kama ý. Maana yake upande wa pili unaongea telneti na wewe umekuja na kifaa kisichoongea telneti. Kinyume chake pia kipo, ukipiga telneti kwenye poti ambayo ni ghafi (isiyoongea telneti), zile baiti zinaweza kumwagwa kwenye mashine kana kwamba ni wewe umeziandika, na unakuta kwenye login kuna jina lenye uchafu mwanzoni. Wanaotumia ser2net (programu ya kuweka poti ya siriali kwenye mtandao) waangalie sana hapa, kwenye faili lake la setingi laini inaweza kuwa telneti au tcp tupu, na ni vitu viwili tofauti.

Poti ikiwa ghafi, achana na telneti kabisa:

stty raw -echo; nc 192.168.1.20 2000; stty sane

Ctrl-C hapo haitakutoa kwa sababu nayo inapelekwa kwenye mashine, fungua dirisha lingine uiue nc kutoka kule.

Nani anarudisha mwangwi?

Mkanganyiko mwingi uko hapa. Ukibonyeza d, ile d unayoiona sio ya kidole chako, kuna mtu ameirudisha. Kwenye mashine hizi kawaida ni mashine yenyewe ndiyo inayorudisha, na ndio maana nenosiri halionekani, mashine inaamua kunyamaza. Sasa hesabu ni rahisi: wakirudisha wawili unaona ddiirr, asiporudisha yeyote unaandika gizani, na akirudisha mteja wako badala ya mashine basi nenosiri lako linaonekana peupe kwenye skrini mbele ya kila aliyekaa nyuma yako.

Telneti ina utaratibu wa kukubaliana nani arudishe, uliwekwa rasmi mwaka 1983, na Linux inakuruhusu kuyaona mazungumzo hayo kwa macho. Fungua telnet bila anwani, halafu:

toggle options
open 192.168.1.20 2324

Utaona mistari kama RCVD WILL ECHO ikifuatiwa na SENT DO ECHO. Mstari wa kwanza ni mashine inasema mwangwi nitarudisha mimi, wa pili ni mteja wako anakubali na kunyamaza. Tafuta pia SUPPRESS GO AHEAD, hizo mbili zikikubalika zote basi kila herufi inaondoka muda huohuo unapobonyeza. Zisipokubalika, mteja anabaki kwenye hali ya mstari, anakusanya unachoandika na kukituma ukibonyeza Enta tu. Dalili yake: vi (programu ya kuandikia ya Unix) haisikii chochote hadi Enta, na Ctrl-T kwenye VMS (mfumo wa DEC wa VAX) haijibu kitu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui, mimi mwenyewe nililijua kwa kuumia. Mteja wa telneti wa Linux akienda poti isiyo ya 23 haanzishi mazungumzo yoyote, anasubiri mwenzake aanze, na kama mwenzake naye ni mtu wa kusubiri basi wanakaa wanaangaliana. Kwenye amri ya open weka alama ya kutoa mbele ya namba ya poti, yaani -2324, ataanza yeye. SIMH huanza yenyewe kwa hiyo kwake hutapata shida hii, ila kwa vifaa vingine utaipata.

Kwenye PuTTY nenda Terminal, "Local echo" na "Local line editing" zote weka Force off kama Auto inakusumbua. Kama bado ni mbilimbili, ujue anayerudisha zaidi ni VT220 yako au laini ya Pi ya katikati.

Enta inayojibu mara mbili

Dalili maarufu: unaandika jina, unabonyeza Enta, na kabla hujagusa nenosiri unaambiwa login imekosewa. Kilichotokea ni kwamba Enta yako imefika kama herufi mbili, CR (rudi mwanzo wa mstari) na LF (shuka mstari), ya kwanza ikamaliza jina, ya pili ikawa nenosiri tupu. Kanuni ya telneti inasema CR isisafiri peke yake, ifuatwe na LF au na baiti ya sifuri, na kila programu imechagua la kwake. Kwenye telnet ya Linux bonyeza Ctrl-] upate prompti yake, andika toggle crlf, jaribu tena. Kwenye PuTTY ondoa tiki kwenye "Return key sends Telnet New Line instead of ^M". Kwenye VT220, Set-Up, General, weka No New Line.

Maandishi yakishuka kama ngazi, kila mstari unaanzia ulipoishia uliopita, hiyo ni LF bila CR kutoka upande wa mashine. Kwenye Unix ya zamani andika stty -nl, kwenye Pi ya katikati ni stty opost onlcr.

Na kabla hujasema VMS imekufa, bonyeza Enta mara moja. Laini ya terminali ya VMS haikuamkii, inasubiri uianze wewe ndipo ilete Username.

Bakspesi

Hapa nitakaa muda mrefu maana ndipo watu wanapokata tamaa. Kitufe ni kimoja lakini baiti zinazogombea ni mbili, 08 yaani Ctrl-H, na 127 yaani DEL. Kwanza jua chako kinatuma ipi: kwenye Linux bonyeza Ctrl-V halafu bakspesi, utaona ^H au ^?. Sasa angalia mifumo mitatu inavyozipokea.

VMS inafuta kwa 127. Ukiipa Ctrl-H haifuti kitu, inaruka na kasa (cursor, alama ya mahali unapoandika) hadi mwanzo wa mstari, kwa hiyo unadhani unafuta huku unaandika juu ya amri yako mwenyewe. PuTTY: Terminal, Keyboard, chagua Control-? (127), imeisha.

2.11BSD, Unix ya PDP-11, ni muungwana, andika stty dec na inapokea yote kwa desturi ya DEC: kufuta ni DEL, kufuta mstari ni Ctrl-U, kukatisha ni Ctrl-C.

Unix V7 ya mwaka 1979 ndiyo yenye mtego. Ilitengenezwa watu wakiwa bado kwenye Teletype za karatasi, ambako herufi iliyokwisha kuchapwa haifutiki, kwa hiyo kufuta ni alama ya # na kufuta mstari mzima ni @. Jaribu kuandika anwani ya barua pepe uone. Halafu DEL kule ndiyo alama ya kukatisha programu! Yaani bakspesi yako ya kisasa inatuma 127, wewe unataka kurekebisha herufi moja, V7 inaua programu nzima. Nilipoteza faili niliyokuwa naiandika kwa namna hiyo na nikakaa naitazama skrini. Suluhisho: iambie PuTTY itume Control-H, ingia ndani, andika

stty erase '^h'

Kasa itarudi nyuma lakini herufi itabaki inaonekana mpaka uandike juu yake, usijali, kwenye mashine imeshafutika.

Tukiwa hapo kwa V7, ukilogini huku Caps Lock imewaka, mfumo unaamua kwamba terminali yako haina herufi ndogo, na kuanzia hapo kila kitu kinakuja kwa herufi kubwa. Sio hitilafu, Teletype Model 33 kweli haikuwa na herufi ndogo. Toka, zima Caps Lock, ingia upya.

Skrini ikiganda

Bonyeza Ctrl-Q kabla ya kitu kingine chochote. Ctrl-S inasimamisha maandishi na Ctrl-Q inayaachia, na wengi tunabonyeza Ctrl-S kwa mazoea ya kusave. Kwenye VT220 angalia pia kitufe cha Hold Screen, F1.

Ikigoma, nenda kwenye dirisha la SIMH. Ukikuta sim> basi mtu amebonyeza Ctrl-E kwenye konsoli (dirisha kuu la mashine), na hiyo inasimamisha mashine nzima, laini zote nane zinaganda kwa pamoja. Mtego wenyewe ni kwamba kwenye VMS Ctrl-E ndiyo ya kuruka mwisho wa mstari, kwa hiyo ukiwa kwenye konsoli vidole vinakusaliti bila kujua. Andika cont, kila kitu kinaendelea kilipoishia. Dawa ya kudumu ni kuiachia konsoli kazi za kuwasha na kuzima, kazi za kawaida zifanyie kwenye laini za DZ.

Kuna kuganda kwingine kunakoambatana na kupotea maandishi. VT220 kwa 9600 inapokea herufi 960 kwa sekunde, skrini ya 80 kwa 24 ina herufi 1920, hesabu sekunde mbili kwa skrini nzima, wakati mtandao unaweza kumwaga kurasa kumi kwa kupepesa jicho. Terminali ikilemewa inatuma Ctrl-S, lakini kama ile Ctrl-S inasafiri hadi SIMH ndipo isikilizwe, njiani kuna maandishi mengi yameshatoka na yatakuja tu. Ndio maana kwenye ile stty ya juu niliweka ixon, ili Pi iliyo karibu na terminali isimamishe yenyewe hapohapo. Na kwenye Comm acha XOFF at 64 (XOFF ndiyo hiyo Ctrl-S).

Upande wa kuingiza ni hivyohivyo, usipesti programu ya mistari mia kwa mkupuo. DZ11 ina ghala la herufi 64 tu kwa laini zote nane, kilichozidi kinapotea. Minicom ina setingi ya kuchelewesha kila herufi, itumie.

Aina ya terminali

Mwisho ni mapambo. Kwenye csh andika setenv TERM vt100, kwenye sh ya zamani ni TERM=vt100 halafu export TERM kwa mstari wake, ukiviunganisha inakataa. Dirisha lako liweke 80 kwa 24, maana laini ya DZ11 haina habari yoyote ya ukubwa wa dirisha na vi itachora ovyo. Zima UTF-8, chagua ISO-8859-1.

Kwenye VMS ukikuta kwenye prompti kuna ?1;2c au ?6c ambayo hukuiandika, usitafute virusi. VMS imeuliza wewe ni terminali gani, mteja wako amejibu, ila jibu limechelewa kwenye mtandao na likapokelewa kama maandishi yako. Kwa laini ya polepole mimi siachi iulize, namwambia mwenyewe kwenye LOGIN.COM:

$ SET TERMINAL/DEVICE=VT200/PAGE=24/WIDTH=80/LINE_EDITING/TTSYNC

Na ukitaka kuingia ukiwa nje ya nyumba, tafadhali usifungue poti ya telneti kwenye ruta. Telneti inapeleka nenosiri wazi, na tangu Mirai, programu hasidi ya mwaka 2016, poti 23 inagongwa na maroboti mchana na usiku. Pitisha ndani ya ssh:

ssh -L 2324:localhost:2324 pi@anwani-yako

halafu upige telnet localhost 2324, kile kituo kimoja kilichoongezeka kichore na chenyewe kwenye ile karatasi yako.